Mgao wa Kaunti: Faida Yake Iko Kwenye Tarehe
Mada iliyowasilishwa katika semina ya wawakilishi wa wadi na maafisa wa fedha wa kaunti

Nimetakiwa kueleza jinsi mswada wa ugavi wa mapato unavyomfaidi mwananchi wa mashinani. Tupitie haraka tunayoyajua sote. Kifungu cha 203 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazitengea kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kila mwaka mswada mmoja hugawanya mapato kati ya ngazi mbili za serikali, na wa pili huipa kila kaunti fungu lake. Mgao ulikuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa 2013/14. Kwa 2025/26 ulikuwa bilioni 415. Fedha hizo ndizo zinazoendesha zahanati, chekechea, kilimo, maji na barabara za kaunti. Ufafanuzi na uishie hapo.

Kila mwaka tunavutana juu ya kiasi, ilhali faida ya mswada kwa wadi huamuliwa zaidi na siku fedha zinapoingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kifungu cha 219 kinaagiza fungu la kaunti lipelekwe bila kukawia isivyofaa na bila kukatwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai ratiba ya malipo iidhinishwe na Seneti na ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Hata hivyo, malimbikizo ya miezi kadhaa yamekuwa desturi, na desturi hiyo hubadilisha bajeti bila bunge lolote kupiga kura. Fedha zikichelewa, hulipwa kwanza mishahara, kisha matumizi ya kila siku. Miradi ya maendeleo hungoja. Mwanakandarasi mdogo aliyekopa benki kujenga choo cha zahanati huendelea kulipa riba, na katika zabuni inayofuata ama hajitokezi, ama anapandisha bei ili kufidia kungoja. Hivyo kaunti hununua saruji ileile kwa bei ghali zaidi. Fedha zikimiminika Juni, mwaka wa fedha unakaribia kufungwa, kazi inapapiwa, na ukaguzi wa ubora unabaki kutiwa sahihi tu. Zisizotumika hurudi kwenye bajeti ya nyongeza, na barabara iliyoahidiwa mwananchi kama Wafula au Mwanaidi katika kikao cha umma huanza safari upya. Kufikia 2024 madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa yalikuwa yamepita shilingi bilioni 150. Sisemi yote yametokana na ucheleweshaji, kwani mengine ni ya miradi iliyoanzishwa bila fedha. Lakini ucheleweshaji umeyapa yote kisingizio kimoja.

Wapo watakaosema kaunti zina ubadhirifu, kwa hiyo kuziharakishia fedha ni kuharakisha hasara. Ripoti za ukaguzi haziwapingi. Lakini Katiba imeweka dawa ya kosa hilo: kifungu cha 225 kinaruhusu kusimamisha fedha za kaunti iliyokiuka sheria pakubwa, zisizozidi nusu, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi wa Bunge. Kuzichelewesha kaunti zote 47 ni adhabu isiyo na mashtaka, tena humkinga mwizi, maana mradi uliokwama kwa wizi na uliokwama kwa kukosa fedha hufanana machoni pa mwananchi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wakati mwingine makusanyo ya kodi huwa chini ya matarajio, na madeni ya taifa hulipwa kwanza. Ni kweli. Ila sheria za ugavi wa mapato zimekuwa zikisema upungufu hubebwa na Serikali ya Kitaifa. Panapokuwa na haja ya kupunguza, njia ipo. Baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa, mgao wa bilioni 400.1 ulijadiliwa upya hadi 387.4, kwa mvutano mkali lakini hadharani. Afadhali kupunguziwa hadharani kuliko kukopwa kimyakimya. Na wanaotutaka tutegemee ushuru wetu wenyewe wafikirie Tana River au Lamu, ambako soko la kutozwa ushuru ni dogo.

Mapendekezo yangu, ambayo si lazima yawe msimamo wa ofisi ninayoitumikia, ni haya. Ratiba ya malipo iandamane na mswada wenyewe, ijadiliwe siku hiyohiyo. Hazina ya Taifa ichapishe kila mwezi tarehe iliyopangwa na tarehe halisi ya malipo kwa kila kaunti. Inapochelewa, ieleze Seneti kwa maandishi. Kaunti nazo zisitie sahihi kandarasi pasipo fedha, na zilipe madeni ya zamani kwanza, wanakandarasi wadogo mbele. Bunge la kaunti lidai orodha ya wanaodai pamoja na tarehe za ankara. Mabunge yasuluhishe mivutano ya mgao kabla ya Julai. Mvutano wa 2019 na ule wa 2020 kuhusu fomula ya kugawanya fedha kati ya kaunti yote iliburutwa hadi Septemba. Nasisitiza pendekezo la kuchapisha tarehe kwa sababu limetolewa mara nyingi katika vikao kama hiki. Msimamizi wa Bajeti tayari hutoa ripoti kila robo mwaka. Kinachohitajika ni jedwali moja la ziada, na halihitaji sheria mpya.