Takwimu za Juba Ziko Nje ya Majarida

Vifo 2,054 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000: takwimu hiyo iliyotajwa mno kuhusu Sudan Kusini haikutoka kwenye jarida la kisayansi. Ilitoka katika utafiti wa afya ya kaya wa mwaka 2006, miaka mitano kabla ya uhuru. Mtafiti anayeishia kwenye hifadhidata ya PubMed, ambako makala za majarida ndizo zilizotawala, atadhani Juba, mji mkuu wa nchi hiyo, haina cha kusoma. Kumbe ripoti za mashirika ya misaada zimejaa ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa mwaka 1996. Google Scholar huokota baadhi tu ya ripoti hizo. Nyingi hazikupitiwa na wahakiki huru, na wafadhili nao wana maslahi yao. Zisomwe, ila namna takwimu zilivyokusanywa ikaguliwe kwanza.