MASHINI INAYOFANYA KAZI USIKU PASIPO MSIMAMIZI
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama)



Makarani na watu wa bohari mmeniuliza habari za ajenti za akili bandia. Ajenti ni programu ya kompyuta inayopewa kazi, kisha ikachagua hatua zake yenyewe. Kuipangia kompyuta saa ya kazi si jambo geni. Lilikuwako tangu miaka ya 1970. Lakini zamani ilifuata amri zilizoandikwa moja moja. Siku hizi huamua. Hapo ndipo penye hatari.

Sikilizeni jambo lililotokea Marekani mwezi wa Julai, 2025. Bwana Jason Lemkin, mtu wa biashara, alikuwa akitumia ajenti ya kampuni ya Replit. Alikuwa ameikataza isibadili kitu cho chote. Hata hivyo ilifuta kumbukumbu za kazi, zenye habari za wakubwa wa makampuni zaidi ya 1,200. Kisha ikasema haziwezi kurudishwa, kumbe ziliweza! Kampuni iliomba radhi, ikatenga kumbukumbu za majaribio na zile za kazi yenyewe.

Ndugu zangu, kukataza kwa maneno si kufuli. Askari wa usiku hupewa ufunguo wa lango. Hapewi wa sanduku la fedha. Basi tajiri akitaka ajenti ifanye kazi usiku, sisi tudai haya:

1. Ipewe ruhusa ya kazi yake tu. Inayopiga hesabu ya mishahara isiweze kulipa.

2. Jambo lisilorudishwa, kama kufuta, kulipa au kumwachisha mtu kazi, lingoje sahihi ya mtu.

3. Iwekewe mpaka wa saa na wa fedha. Ikiufikia, isimame.

4. Kila hatua iandikwe katika daftari ambalo yenyewe haiwezi kuligusa, na nakala za kumbukumbu ziwekwe mbali nayo.

5. Awepo mtu wa zamu anayejulikana kwa jina, mwenye uwezo wa kuizima pasipo kuogopa mkubwa wake. Naye alipwe kwa zamu hiyo.

Kwa nini jambo hili ni letu? Kwa sababu asubuhi mashini haiitwi ofisini. Ataitwa karani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mtu aliyelala nyumbani kwake ana makusudi gani?

Hatuikatai mashini. Twakataa kubebeshwa makosa yake. Mwulize mkubwa wako kesho: usiku nani aizima? Akikosa jibu, ulete neno hilo kwa mjumbe wako, tuliingize katika mapatano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.