Silaha Majumbani na Haki ya Kujilinda: Mazungumzo kwa Wakazi wa Lushoto



Kila sheria ya silaha inapotajwa katika milima ya Usambara, swali moja hurudi. Ikiwa bunduki lazima ihifadhiwe chini ya kufuli, itamfaa nini mwenye nyumba mlango wake utakapovunjwa saa nane za usiku? Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa amri peke yake.

Kwanza ifahamike kwamba haki ya kujilinda ipo, na imeandikwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inaieleza katika kifungu cha 18 hadi 18C. Kila mtu anaruhusiwa kujikinga yeye mwenyewe, kumkinga mwenziwe, na kulinda mali iliyo mikononi mwake kwa njia halali. Lakini kifungu cha 18B kinaweka kipimo: nguvu itakayotumika iwe ya kiasi, na iwe ya lazima kwa kujilinda huko. Anayevuka kiasi hicho hujibu kwa kosa atakalolitenda, na akisababisha kifo kwa kuvuka kiasi, hatia yake ni kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kutoa uhai kwa kujilinda huruhusiwa pale ambapo hatari yenyewe ni ya uzito huo, kama vile mtu anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba atauawa au atajeruhiwa vibaya. Kijana anayekimbia bondeni na mkungu wa ndizi mgongoni hayumo katika hali hiyo, hata kama ndizi ni za mwenyewe aliyezipanda.

Katika vifungu hivyo bunduki si sharti. Haki ni ya mtu, awe ameshika rungu au hana kitu mkononi. Bunduki ina sheria yake nyingine, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini ya sheria hiyo kumiliki silaha ni ruhusa itolewayo kwa leseni na kwa masharti, na mojawapo ya masharti hayo ni kuihifadhi mahali salama, asipofika mtu asiyeruhusiwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nayo inazitaka nchi hizo ziwe na sheria juu ya uhifadhi wa silaha za raia na juu ya kupima uwezo wa wanaoomba kuzimiliki.

Wako wanaoleta mfano wa Marekani. Huko, mwezi Juni 2008, Mahakama Kuu ya nchi ilitengua sheria ya jiji la Washington iliyotaka bunduki ya nyumbani iwe haina risasi, na ama iwe imefunguliwa vipande ama imefungwa kufuli. Mahakama ilisema kwamba sharti hilo linamzuia raia kujilinda nyumbani mwake. Lakini hukumu hiyo ilisimama juu ya kifungu cha Katiba yao kinachotaja haki ya kushika silaha. Katiba ya Tanzania haina kifungu cha namna hiyo; inalinda haki ya kuishi. Hukumu ya Washington haifiki Soni wala Mlalo.

Ni kweli kwamba kufuli hula dakika, na dakika usiku ni kitu kikubwa. Asiyekubali hilo hasemi kweli. Hata hivyo nyumba haina usiku tu. Ina mchana pia, ambapo wazee wako shambani na watoto wamebaki peke yao. Ina siku za gulio, ambapo mlango hufungwa kwa komeo na mwizi huingia bila kumkuta mtu. Bunduki iliyo chini ya godoro humngoja mwenyewe, na humngoja mwizi vilevile. Tena mtu aliyeamka ghafla gizani hawezi kumtofautisha upesi mvamizi na mwanawe aliyechelewa kurudi.

Milimani liko jambo zito zaidi, nalo ni gobole. Bunduki hiyo ya kushindilia hujazwa baruti na vipande vya chuma kwa kupitia mdomo wa mtutu, na kazi hiyo haifanyiki kwa haraka. Kwa hiyo mwenye kuitegemea kwa ulinzi hushawishika kuiacha imeshindiliwa tayari, siku baada ya siku, na njia rahisi ya kuitoa shehena hiyo ni kuifyatua. Gobole lililotengenezwa na fundi wa kienyeji bila idhini ni kosa tangu kutengenezwa kwake, hata kama halijafyatuliwa. Na katika nchi ya miteremko kama hii, ambapo paa la jirani liko chini ya ua wa mwenziwe, kinachotoka mtutuni hakiishii mpakani mwa shamba.

Silaha hizi si asili ya milima. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi, alikuja kutoka Ungulu akiwinda nguruwe-mwitu kwa mikuki na mbwa. Bunduki zilipanda baadaye, kwa njia ya biashara ya Unguja na Pangani. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, alizikusanya na kumwondoa Vuga mrithi wa kiti, Shekulwavu. Vita vilivyofuata viliwatia watu wengi utumwani, na bei ya mtu mara nyingi ililipwa kwa bunduki na baruti.

Wananchi wanakumbushwa, basi, kwamba silaha ikipotea au ikiibwa, mwenyewe atoe taarifa polisi bila kukawia. Mwenye silaha isiyo na leseni asiisubiri ajali. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, na kipindi kinapotangazwa, afisa mtendaji wa kijiji aeleze utaratibu wake kabla silaha haijabebwa kwenda kituoni. Leseni nayo ni ya mtu mmoja, wala hairithiwi pamoja na shamba. Mjane aliyeachiwa bunduki na marehemu mumewe asiifungie sandukuni akidhani ni urithi wa watoto. Aiarifu polisi, na mwana anayeitaka aombe leseni kwa jina lake mwenyewe.