Utamu wa Kahawa ya Kihambani

 

Huku mjini tumezoea kudhani kahawa nzuri ni ile chungu. Siyo. Tunda jekundu lina utamu wa asali kwa mbali. Sote tuliwahi kulinyonya utotoni, tukafokewa. Kahawa ikichumwa imeiva hivyo, ikamenywa siku hiyo hiyo, kikombe huwa na utamu wake bila sukari, na uchachu mwepesi kama wa chungwa. Uchungu haukosekani, ila hukaa nyuma. Ukichanganya na mbichi, inakwaruza ulimi. Ikilala kwenye gunia, inachacha. Waonjaji wa Moshi huligundua hilo kwa kijiko kimoja tu, na bei inashuka.

Msimu uliopita mama yangu alichuma nyekundu tupu, madebe manne. Mashine yetu ya kumenya ikakwama, kahawa ikalala siku mbili. Akalipwa sawa na aliyechuma mbichi.

Mashine ile imechomelewa hadi fundi mwenyewe anaikataa. Bahasha ziko mezani kwenu. Tuinunue mpya kabla ya Julai, kahawa haijaanza kuiva.