Kitunga cha kulalisha maharagi



Leo sisemi juu ya mikopo. Nasema juu ya makala, kwani katika nyumba zetu njo yanakula feza haraka. Wazee wanakumbuka gare ya hapa Likasi, 1992 na 1993, watu wamelala pale wakingojea treni ya Kasai. Mama aliyepika pale kwa sufuria moja, mimi sina la kumufundisha juu ya kubana matumizi. Naonyesha tu kitunga hiki.

Maharagi yalale ndani ya maji usiku. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha kwenye mbabula dakika 20, yatokote kweli kweli. Usifungue kifuniko. Ingiza sufuria ndani ya kitunga kilichojaa nguo za kuchakaa, funika na mto wa kikwembe cha zamani. Moto unabaki ndani. Nyuma ya saa nne ao tano, rudisha kwenye mbabula yatokote tena kidogo, weka chumvi, songa bukari. Maharagi ya zamani sana, hayo ni magumu hata kwa kitunga.

Batata, musicheke. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari tungali tunalipa, na feza ya makala na ya minerval inatoka mufuko mumoja. Mto unashonwa hata na mwanaume.

Kitunga kile pale kiko na maharagi tangu asubuhi. Mukuje, tufungue.