Kuuguza ni Elimu



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kazi ya kuuguza wagonjwa. Twasema hasa na watu wa Turwa, na wa nchi yote ya Tarime na Serengeti, kwa sababu liko swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za huko kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa. Binti amefaulu biolojia na kemia, naye asema, "Baba, nataka kwenda kusomea uuguzi." Pengine siku hizo hizo wageni wamefika kuuliza habari zake, na hesabu ya ng'ombe wa mahari imekwisha kutajwa. Baba hujiuliza: Je, kazi hiyo ni elimu kweli, au ni utumishi tu wa kutandika vitanda na kumwaga maji machafu? Swali hilo ni la haki. Yafaa lijibiwe kwa hoja, wala si kwa maneno matamu.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza yeye anayeugua. Hapana mtu miongoni mwetu asiyepata kuuguzwa na mama yake, au na nyanya yake, au na dada yake. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba kazi hii haina haja ya shule. Lakini fikirini. Kila mama hujua kumpa mtoto uji. Si kila mama ajuaye ni dalili gani zaonyesha kwamba mtoto aliyeharisha siku mbili amepungukiwa na maji mwilini, na ni dawa gani ya chumvi na sukari itakayomrudishia nguvu, na achanganye kwa kipimo gani. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini upendo hauwezi kuhesabu mapigo ya moyo. Hapo ndipo elimu inapoingia.

Kazi yenyewe ni ya zamani sana. Wasimulizi wa historia ya Uislamu humtaja mwanamke mmoja wa Madina, jina lake Rufaida, ambaye katika vita vya Handaki, mwaka 627, alikuwa na hema lake la kuwatunza majeruhi. Katika nchi za Wakristo pia, watawa wa kiume na wa kike waliwauguza maskini kwa muda wa karne nyingi. Lakini kuuguza kwa elimu iliyopangwa, yenye shule, mitihani na sheria, ni jambo la juzi tu katika historia ya wanadamu.

Watu wengi hulianzia na Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820. Jamaa zake walikuwa matajiri, nao walimkataza kazi hii kwa sababu waliiona kuwa ya aibu. Tazameni basi: hofu ya wazazi wa Turwa si mpya, wala si ya Waafrika peke yao. Mwezi wa Novemba 1854 Bibi Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Waliikuta hospitali chafu, watu wamelala chini, na mifereji ya maji machafu imeziba chini ya nyumba yenyewe. Waliosha, walipika, walifunga vidonda usiku na mchana. Lakini mwezi wa Februari 1855 wagonjwa waliokufa walikuwa kiasi cha 42 katika kila 100. Mwezi wa Machi wakaguzi wa usafi walifika kutoka Uingereza, wakazibua mifereji, wakasafisha maji na kupitisha hewa. Ilipofika Juni waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

Hapa pana fundisho kubwa. Wema wa moyo ulikuwapo tangu Novemba, na juhudi ilikuwapo, lakini vifo havikupungua mpaka uchafu ulipoondolewa. Bibi Nightingale alirudi kwao, akaketi na hesabu za vifo, akazichora katika picha ili wakubwa wa serikali wazione kwa macho, akathibitisha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko silaha za adui. Watu wanamkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akizunguka vitandani. Sisi twaona kwamba yafaa akumbukwe zaidi kwa kalamu. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, na mfano wake ukaenea ulimwenguni.

Wala tusimsahau Mary Seacole wa Jamaica, ambaye mama yake alikuwa mwanamke mweusi mwenye ujuzi wa dawa. Aliomba kwenda na wauguzi wa Krimea, hakukubaliwa. Basi akasafiri kwa gharama yake mwenyewe, akafungua nyumba karibu na uwanja wa vita, akawatunza askari huko. Elimu yake aliipokea kwa mama yake, nayo ilikuwa na manufaa.

Katika nchi yetu, hospitali za namna hii zilianza pwani. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali, na hospitali ya Dar es Salaam yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 1897. Katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, vijana wa Tanganyika walianza kufundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati ndogo za vijijini. Wengi wao walikuwa wanaume, kwa kuwa wasichana waliopelekwa shule walikuwa wachache mno. Kwa hiyo mtu asiseme ati kuuguza si kazi ya mwanamume. Katika nchi hii wanaume walikuwamo tangu mwanzo.

Na katika upande wa Mara, wamisionari wa Kimenonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Shirati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime mpaka Wilaya ya Rorya ilipotengwa mwaka 2007. Huko ilikua hospitali, na baadaye chuo cha kufundisha wauguzi, na wengi waliofundishwa humo ni watoto wa nchi hiyo hiyo. Mugumu nako, katika Serengeti, kuna hospitali yenye jina la Nyerere na chuo cha afya cha Kisare. Basi mtoto wa Turwa hana haja ya kuvuka bahari ili aipate elimu hii.

Sasa na tuulize: Ni nini hasa anachojifunza muuguzi? Twatoa mfano mmoja. Mama amejifungua salama. Mtoto analia, jamaa wanafurahi, na mama mwenyewe asema, "Sijambo." Mtu asiyesoma ataondoka aende kupumzika. Muuguzi aliyesoma haondoki. Kwa muda wa saa mbili za kwanza, kila baada ya dakika 15, atamshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo, atapima nguvu ya damu, atatazama damu inayotoka, na ataweka mkono juu ya tumbo aone kama mji wa mimba umekaza au umelegea. Mtu mzima aliyetulia hupigwa moyo mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Ikiwa moyo wa mama huyu wazidi kwenda mbio, muuguzi ajua kwamba huenda damu inapotea, hata kama mama mwenyewe bado asema hajambo. Atalikanda tumbo mpaka mji wa mimba ukaze, atampa sindano, atamwita daktari. Akichelewa, kabla ya alfajiri jamaa waweza kuwa wanachimba kaburi. Tofauti kati ya furaha na msiba ni vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, na akili inayojua maana ya vinachokihisi.

Juu ya ufundi wa mikono kuna fikra zinazoiongoza mikono hiyo. Wasomi huziita nadharia. Neno hili lisiwatishe. Bibi Nightingale alifundisha kwamba kazi ya muuguzi ni kumweka mgonjwa mahali pazuri, penye hewa safi, mwanga, maji safi, chakula na utulivu, ili mwili upate nafasi ya kujiponya. Mmarekani Virginia Henderson alieleza mwaka 1966 kwamba muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa, tena kwa namna itakayomwezesha kujitegemea upesi. Kwa hiyo mzee aliyevunjika mguu, lakini mikono yake ni mizima, asioshwe uso kama mtoto mchanga. Apewe maji, ajioshe. Kumwachia kazi yake si uvivu wa muuguzi, bali ni matibabu.

Mwingine, Madeleine Leininger, naye Mmarekani, alifundisha kwamba muuguzi asiyejua desturi za watu hawezi kuwauguza vema. Alitenga njia tatu. Iko desturi ya kuhifadhiwa, iko ya kupatanishwa na matibabu, na iko ya kubadilishwa. Tuitazame nchi ya Tarime. Uji wa wimbi aletewao mzazi ni chakula chema, na uhifadhiwe. Mama mkwe atakaye kuwa karibu na mkaza mwana wake wakati wa uchungu, huyo na apatanishwe: aketi, amtie moyo, lakini anawe mikono kwanza. Bali kupaka kitovu cha mtoto mavi ya ng'ombe, kama wafanyavyo watu wa baadhi ya nchi za wafugaji, kwaweza kumletea pepopunda; na kuachwe. Na kukeketa wasichana, ambako sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilikuharamisha kwa walio chini ya miaka 18, huleta kutokwa na damu, vidonda na taabu wakati wa kuzaa. Muuguzi mtoto wa Turwa aweza kulisema jambo hili kwa Kikuria, mbele ya wazee, kwa adabu, akisikilizwa kuliko mgeni yeyote. Hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kumpeleka shule.

Ama habari za masomo, ziko ngazi za cheti, stashahada na shahada. Stashahada huchukua miaka mitatu, na shahada miaka minne pamoja na mwaka wa kufanya kazi chini ya uangalizi. Mwanafunzi hujifunza habari za mwili, za dawa, za vijidudu, za ukunga, na za afya ya akili. Tena hushika zamu wodini, usiku na mchana. Hata akifaulu, haruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa jina la muuguzi mpaka awe ameandikishwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010. Jambo hili ni kinga yenu wananchi, na mna haki ya kulijua.

Wako wazee wasemao, "Binti ataolewa, na elimu yake itakuwa mali ya ukoo mwingine." Twawajibu kwa heshima. Ng'ombe wa mahari waweza kufa kwa ndigana katika msimu mmoja, lakini maarifa hayafi kwa ndigana. Na siku ile mke wa mwanao atakapopata uchungu usiku, nawe ukampeleka zahanati, utakayemkuta huko ni binti wa mtu mwingine ambaye baba yake alikubali kumsomesha. Kama kila baba angekataa, ungemkuta nani?

Wako pia wasemao kwamba kazi hii haina cheo. Mama Eunice Muringo Kiereini, muuguzi wa Kenya, alikuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi tangu mwaka 1981 mpaka 1985, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho. Na mwaka 2020, uliotimiza miaka 200 tangu Nightingale azaliwe, Shirika la Afya Duniani liliuita mwaka wa muuguzi na mkunga.

Hata hivyo, heshima ina pande mbili. Yawapasa wananchi wasimtukane muuguzi aliyekesha. Naye muuguzi yampasa asimkaripie mama aliye katika uchungu, wala asimcheke mtu asiyejua kusoma kadi yake. Mama aliyetukanwa leo atajifungulia nyumbani mwakani, na pengine hapo ndipo atakapokufa. Ulimi mkali huua kama mkono mchafu.

Basi, wazee wetu wa Turwa, binti akija na shauri lake, msimjibu papo hapo. Mwulizeni amepata alama gani, chuo ki wapi, na karo ni kiasi gani. Nendeni naye mkaone kwa macho yenu. Nanyi wanafunzi, wa kike na wa kiume, shikeni biolojia, kemia na fizikia tangu sasa, kwa maana vyuo huangalia alama hizo kabla ya kuuliza jambo lingine.