Mwezi wa Tisa Ulio wa Kumi na Moja
(Mhadhara wa umma, Msanzi, Ufipa)



Nimeombwa niseme juu ya Novemba, na naona baadhi yenu mmekuja na udongo kwenye kucha. Sitawachelewesha sana, maana mwezi wenyewe hauna subira.

Jina lake limepitwa na wakati zamani sana. Kwa Warumi, novem ni tisa. Mwaka wao wa kale ulianza Machi, kwa hiyo Novemba ulikuwa mwezi wa tisa kweli. Mwanzo wa mwaka ulipohamia Januari, jina likabaki palepale. Baadaye Seneti ilitaka kulibadili. Julai ilikwisha kupewa Julius Caesar na Agosti Augusto, basi Novemba, mwezi aliozaliwa Kaisari Tiberio, nayo iitwe kwa jina lake. Tiberio akakataa, akawauliza watafanyaje wakifikia Kaisari wa kumi na tatu. Nionavyo mimi, wapambe hawajapata kujibiwa vizuri zaidi.

Ndugu zetu wa pwani miezi yao waliihesabu tu. Baada ya Ramadhani huja mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Lakini miezi hiyo hufuata mwandamo na kuzunguka majira yote, haiwezi kumwambia mkulima lini apande. Anayemwambia ni Kilimia, kile kishada cha nyota chenye jina lililotokana na kulima. Mwezi huu, jua likizama upande wa Ziwa Tanganyika, chenyewe huchomoza upande wa Ziwa Rukwa.

Hapa Ufipa alama ya Novemba ni ntumba. Mvua za msimu uliopita zilipokuwa zikielekea mwisho, udongo ulikuwa bado laini. Nyasi zikalimwa na kufukiwa ndani ya vichuguu vya mviringo, ndiyo ntumba yenyewe. Zikaoza humo kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, vichuguu hupasuliwa, udongo ukasambazwa, ulezi ukamwagwa. Mbolea hiyo haikununuliwa dukani wala haikuhitaji ng'ombe. Ndiyo maana nasita kuuita huu mwezi wa kumi na moja. Kwa mwenye jembe, mwaka ndiyo kwanza unaanza.

Sasa nije kwenye lililonileta. Dunia husema Vita Kuu ya Kwanza iliisha tarehe 11 Novemba 1918, na Waingereza huvaa ua jekundu la popi kifuani kuikumbuka siku hiyo. Huku kwetu haikuisha. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amevuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwanzoni mwa mwezi huo na kulishambulia boma la Fife. Habari za amani zilimkuta karibu na mto Chambeshi, siku mbili tatu baada ya Ulaya kunyamaza. Aliweka silaha chini rasmi tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn. Abercorn ndiyo Mbala ya leo, hapo ng'ambo ya mpaka. Mtu wa bodaboda akitoka hapa asubuhi anafika kabla ya jua kuzama. Wiki mbili nzima baada ya dunia kuambiwa vita vimekwisha! Alikuwa na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi wengi. Wakateremshwa Bismarckburg, yaani Kasanga yetu, wakapandishwa meli kwenda Kigoma.

Miaka sitini baadaye, Novemba ikatuletea vita vingine. Tarehe 1 Novemba 1978 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kuitwaa ardhi yetu ya Kagera. Hayo wengi wenu mnayajua kuliko mimi, na baadhi yenu mlikwenda.

Nikirudi kwenye vita vya 1918, askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Waingereza wamepata sanamu yao Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Wapagazi wanatajwa tu kwenye maandishi ya sanamu hiyo na katika jina la soko, Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao, ingawa kwa upande wa Waingereza peke yake vifo vyao vilivyoandikwa vinapita 40,000. Vingi vilikuwa vya maradhi na njaa, si vya risasi.

Majina yao mengi hayamo katika kitabu chochote. Mwenye babu au bibi aliyewahi kumsimulia habari za mizigo ile, za njia ya Kasanga au za Novemba ile, naomba anione kabla hajaenda shambani. Daftari ninalo.